Vitambaa vya Kijito Chetu

Jumatatu, 4 Machi
Mtafiti kaja na mabuti yake. Binti mpole, ila anaongea na tope kama mtu na shoga yake. Kafukia vitambaa vyeupe chini ya kijito chetu huku bondeni. Vingine kafukia mlimani, kwa wifi yangu. Eti tope lina vijidudu visivyoonekana, anataka kujua vya wapi vinachapa kazi zaidi. Kijito kitakachompendeza atakaa nacho mwaka mzima, na mlinzi wake ataajiriwa. Mlinzi wa huku mimi, wa kule wifi. Mengine sikusikiliza. Kazi ni yangu hiyo!

Jumanne, 19 Machi
Wifi kapiga simu kujisifu. Vitambaa vyake vimeoza, ukigusa vinachanika. Nikampa pole, moyoni nacheka. Mtu mzima anajisifia uchafu! Nikashuka kufukua vyangu. Vimeshika madoa. Mimi dobi, madoa yanishinde? Nimeloweka, nimefikicha, nimetia buluu, nimepiga pasi. Nimevirudisha topeni vinang'aa kama vya bibi harusi.

Alhamisi, 21 Machi
Mtafiti kafukua. Kakiangalia kitambaa, kaniangalia mimi. Nikajiweka sawa kupokea sifa. Akasema taratibu, "Mama, humu hakuna kilicho hai. Nahofia maji yana sumu."
Kakataza watu kuchota. Sasa mtaa mzima unapanda kilima na ndoo. Nami nimo, namlaani aliyetia sumu, tena kwa sauti kuliko wote.

Ijumaa, 22 Machi
Shingo imekakamaa kwa ndoo. Nimeenda kusema ukweli. Binti kanuna, halafu kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe kitambaa kuliwa ndiyo uzima wa kijito! Vijidudu vikigoma kula, hapo ndipo pa kuogopa. Karuhusu watu wachote, kafukia vitambaa vipya huku na kule kwa wifi, kisha kanishika mkono.
"Mama yangu, nakuomba. Safari hii usivifue."
Nimeapa.

Jumapili, 7 Aprili
Wifi kapiga tena. Vyake vimeliwa nusu. Nikakimbia kuangalia vyangu. Vijidudu vyetu vinadonoa tu, vina haya kama mkwe ugenini! Kazi itaniponyoka hivihivi, wifi anicheke mpaka kaburini. Nikarudi na mkasi. Nimevisaidia kutafuna kona mbili tatu, na tundu zuri katikati.
Kuvifua, sijavifua.