Gulashi kwa Wapinzani wa Bima

Alhamisi, 24 Februari
Siamini! Bi Aldrich, mjumbe wetu katika bunge la jimbo, ametangaza kwamba muswada wa bima ya afya ataupigia kura vile mkutano wa mji utakavyoamua Jumanne. Yaani sisi! Kijiji cha Vermont chenye ng'ombe wengi kuliko watu! Na nyonga ya Loretta imo humo. Jirani yangu huyu anakamua ng'ombe thelathini huku akichechemea. Kampuni ya bima imegoma kulipia upasuaji, eti nyonga iliharibika kabla hajajiunga. Muswada ukipita, hawataweza kugoma. Nilikimbia Budapest nikiwa na miaka ishirini. Siasa naijua. Nitalishughulikia mwenyewe.

Ijumaa, 25 Februari
Nimehesabu. Wetu arobaini na mmoja. Wa Harlan Pruitt, wakala mstaafu wa bima, ishirini na wanane. Tunashinda! Mtu wa kawaida angetulia hapo. Mimi nikajiuliza: wetu wakiyumba? Basi mbinu. Wazee wa Harlan wakishiba hurudi nyumbani kulala. Hoja isogezwe baada ya chakula cha mchana, nami nitawapikia gulashi, mchuzi wetu mzito wa nyama.

Jumapili, 27 Februari
Mwenyekiti wa mkutano amekubali. Loretta kauliza kwa nini tusipige kura asubuhi, watu wote wakiwemo. Nikamweleza. "Mzee Miklós," kasema, "ng'ombe akitulia, unamfunga kamba ya nini?" Maneno ya zizini! Dukani Harlan kaona kapu langu: "Profesa, vitunguu vyote hivyo, kuna msiba?" Nikatabasamu kibalozi.

Jumatatu, 28 Februari
Nimepika. Harufu ya pilipili nyekundu ikanirudisha jikoni kwa mama, mtaa ambao tangu niondoke umebadilishwa jina mara mbili. Nikalia kidogo. Vitunguu, bila shaka. Redio inasema baridi kali usiku, kesho jua. Vizuri! Watu watajitokeza.

Jumanne, 1 Machi
Mungu wangu! Mungu wangu!
Asubuhi ukumbi ulijaa. Tukabishana saa mbili juu ya greda la barabara. Tukala. Ndipo Earl, mtu wetu wa kwanza kabisa, akachungulia dirishani, akaona barafu ya paa inadondoka. Akapaza sauti: "Utomvu unashuka!"
Wakasimama wote! Baridi usiku, jua mchana: miti ya mepo hutiririka, na utomvu lazima uchemshwe upesi kuwa shira. Miaka hamsini na minne ninakula shira hiyo! Nilikuwa nimewahesabu watu wangu kwa majina, sikuwahesabu kwa kazi. Thelathini na tisa wana mepo. Nikaziba mlango kwa mwili wangu. Earl akanisogeza taratibu kama kiti. "Sheria itangoja, mzee. Mti haungoji."
Na wazee wa Harlan? Hawakwenda kulala. Walishindwa kuinuka! Bakuli tatu tatu kila mmoja!
Mwenyekiti akaita kura za ndiyo. Sauti mbili: yangu, na ya Loretta, aliyesimama kwa fimbo mpaka mwisho. Akaita za hapana. Ishirini na nane, mmoja akicheua.
Harlan kaniomba nimwandikie namna ya kupika.

Jumatano, 2 Machi
Loretta hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliunyoosha tu mguu wake juu ya kiti changu, akafumba macho.
Lakini kuna mlango! Tukikusanya saini, mji unaweza kupiga kura upya, na Bi Aldrich amesema muswada hautafika mezani kabla ya mwisho wa Aprili. Loretta kaniomba jambo moja: tuchague siku, tupige kura, nisiongeze kitu. Nimemwahidi.
Nimechagua tarehe kumi na mbili Aprili, utomvu ukiwa umekwisha mitini. Si ukumbini, bali kanisa la juu mlimani, ambako wazee wa Harlan hawawezi kupanda. Harlan kacheka mpaka kakohoa: Aprili njia ile ni tope tupu, hata trekta huzama. Wivu!
Loretta kauliza yeye na nyonga yake watapandaje.
Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimeagiza nyama kwanza.