Togwa ya Kamati ya Ulevi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mjukuu wangu Adelina amechaguliwa! Wanafunzi wamemtuma kwenye kamati ya chuo inayopitia upya sheria za pombe na bangi. Ukoo wetu haujawahi kukalia hata kamati ya msiba. Nimepiga vigelegele hadi Gongoni nzima wakadhani kuna harusi.

Amenieleza. Sheria ya sasa haina kona: ukikutwa umelewa ndani ya geti, unafukuzwa. Ukiingiza pombe, unafukuzwa. Muhula uliopita kijana Fideli alibugia gongo, akazimika bwenini. Wenzake wakamfunika blanketi, wakaogopa kuita nesi. Asubuhi alikutwa anapumua kwa tabu, mwili wa baridi. Kapona kwa kudra tu, na kesi yake ya kufukuzwa bado haijaamuliwa. Sasa wanafunzi wanataka sheria iseme hivi: anayeita msaada hafukuzwi, na anayeitiwa hafukuzwi. Anayepinga ni Xavery, mlezi wa mabweni. Anasema huko ni kuwatandikia walevi mkeka.

Nikamwambia Adelina dawa ya mlevi ni fimbo, halafu supu. Akasema bibi, fimbo tumeshaijaribu, iliyobaki ni supu. Ana mdomo mtoto huyu. Kanirithi.

Jambo zito zaidi: kikao ni Jumatano, na vinywaji kapewa Eustadia. Eustadia! Tunauza geti moja. Mimi uji na viazi, yeye soda na maandazi ya kuvunjia karanga. Haiwezekani. Nina mpango.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango ni togwa, kinywaji kitamu cha mtama kisicholevya. Wakubwa wataonja, waone vijana wanaweza kusherehekea bila kulewa. Watalainika, watamsikiliza Adelina. Eustadia atakunywa soda zake mwenyewe.

Nimepika uji wa mtama wa Ntalikwa, nikatia kimea cha ulezi uliooteshwa, nikamimina kwenye mtungi wa marehemu mama uliotoka Kwihara. Mtungi wenye heshima zake. Ndio uliolimisha mashamba ya ukoo: watu walikuja na majembe, wakimaliza wanaukuta umejaa pombe, unawangoja. Haujawahi kuguswa na sabuni. Mtungi wa namna ile ukiutia sabuni umeuua, pombe inayofuata haiamki. Nimeusuuza kwa maji, basi.

Adelina kauliza kama ni safi. Nikamwambia ni safi kuliko roho ya Eustadia.

Jumatano, 9 Oktoba

Kikao kimeahirishwa hadi Ijumaa. Mkuu wa chuo, Mama Stela, kaitwa Nzega. Eustadia kapita akaniuliza kama togwa inajua kusubiri. Nikamjibu inasubiri vizuri kuliko mchumba wake wa Igunga.

Joto la mwezi huu si la kawaida. Mtungi nimeuvika blanketi usiingie vumbi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mtungi unaongea. Chwii, chwii, chini ya blanketi. Adelina kauliza. Nimemwambia togwa inaiva. Nimeonja kidogo, ina ukali. Nikatia sukari, na kimea zaidi kuipoza. Shule sikuiona, herufi nilizipata ngumbaro ukubwani. Lakini jikoni hajazaliwa wa kunifundisha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Adelina na wenzake waliubeba mtungi. Mlinzi kasema shikamoo bibi, kanusa. Marahaba. Kanusa tena. Kafungua geti.

Nikaombwa kugawa mwenyewe. Kwetu mwenye mtungi huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Nikaonja kata nzima. Tamu! Ina nguvu kidogo. Nikaonja kata ya pili kwa ajili ya uhakika.

Xavery alikuja bila kunywa chai. Kasema hiki ndicho kinywaji chenye maadili. Akaongezwa. Akaongezwa tena. Kufika hoja ya bangi alikuwa ananiita shangazi. Mama Stela, mwenyekiti, alikuwa anaichekea ajenda. Mimi nimejaa fahari. Nikasema moyoni, wamelainika.

Xavery akateleza kwenye kiti polepole kama gunia la mpunga. Akalala chali sakafuni. Mkoromo wake haukuwa wa usingizi.

Kila mtu kaangalia viatu vyake. Kuita nesi ni kutangaza kwamba watu wamelewa ndani ya geti, na Xavery kibarua kimeota nyasi. Halafu itaulizwa nani kaingiza pombe. Mwalimu Anakleti akanong'ona kwamba aachwe apumzike, itafutwe shuka afunikwe.

Afunikwe! Nikamtazama Adelina.

Akasimama. "Mtungi nimeuleta mimi. Mtanifukuza baadaye. Naita nesi, na nyie mlazeni ubavu sasa hivi."

Nilimlaza mimi, kichwa chake juu ya khanga yangu. Akatapika yote hapo. Sikusogea. Mlevi naye kazaliwa na mtu. Nesi akaja mbio, akasema angebaki chali angepaliwa na matapishi, tungekuwa tunasema mengine.

Kikao kimevunjika. Kitarudi Jumanne, baada ya sikukuu.

Jumapili, 13 Oktoba

Adelina hali chakula. Anakunja nguo zake kwenye begi. Haniulizi kitu, na hilo ndilo linalonichoma. Nilikwenda kwa Mama Stela, nikamwambia mtungi wangu, mkono wangu, kama kuna wa kufukuzwa nifukuzwe mimi. Kasema bibi, wewe si mwanafunzi. Nikamwambia basi niandikisheni leo, mnifukuze kesho. Kacheka, lakini hakuahidi.

Nilifikiri pia kusema Eustadia alitia hamira. Wazo zuri. Kabla sijalifanyia kazi, mwenyewe kaingia na maandazi kumpa pole mtoto. Nikaliweka akiba. Mtoto kala mawili, meno yake bado mazima.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekaa getini tangu asubuhi. Eustadia kando yangu, naye hauzi chochote.

Adelina katoka anakimbia. Anabaki!

Kasimulia. Mama Stela aliiuliza kamati waanze kumfukuza nani: aliyeleta, aliyelewa, au mwenyekiti aliyeomba kuongezwa. Xavery ndiye aliyenyoosha mkono. "Huyu binti angeiogopa sheria yangu, leo mngekuwa matangani kwangu. Ibadilisheni." Wakaibadilisha. Anayeita msaada hafukuzwi, na anayeitiwa hafukuzwi. Fideli kapiga makofi dirishani.

Nimemkumbatia hadi kalalamika mbavu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimetafakari. Ukweli lazima usemwe: bila togwa yangu sheria ile isingepita. Kamati haijanishukuru. Badala yake wameongeza kipengele kwamba kinywaji cha nyumbani kisiingie getini. Nadhani wanamlenga Eustadia, ana ubuyu wa maji.

Adelina kaniapisha nisipeleke togwa chuoni tena. Nimeapa, mkono juu. Kwa hiyo hii ya mahafali naiita uji wa baridi. Mtungi nimeusuuza kwa maji tu, kimea nimeshakianika. Kosa la safari ile nimeliona: haraka. Safari hii naipika wiki mbili mapema, ipate muda wa kutulia.