Sultani Amedai Jogoo

Redio ya Dada Flora, muuza kahawa wa Mkomaindo, ndiyo iliyoanza uchokozi. Wakili mmoja alikuwa anaeleza kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka kumi na minane. Mzee Abdulazizi, ambaye kijiwe kizima kinamwita Kanuni, akapaliwa.

"Kumi na minane! Mimi umri huo nina mikorosho yangu kule Makote na nyumba nimeezeka mwenyewe!"

"Punguza chumvi, mzee," akasema Kulwa, mwalimu wa kutoka Shinyanga, maarufu kama Ticha. "Juzi ulisema nyumba ulijenga una ishirini na tano."

"Hiyo ya pili!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Yunusi kinyozi, yule wanayemwita Wembe, peke yake hakucheka. Hata kashata hakuigusa.

"Wembe, mbona umenuna?"

"Nimeshtakiwa. Na mwanangu mwenyewe."

Mwanawe wa miaka saba alikuwa ametoka jandoni likizo ya Desemba, akarudi na jina jipya, Sultani. Na huku kwetu jina la utoto likishaachwa jandoni halitamkwi tena. Ukiliropoka, unalipa faini ya kuku. Asubuhi hiyo Yunusi, usingizi haujamtoka, alikuwa ameita: "Chande, lete maji!"

"Nani alisikia?" akauliza Kanuni.

"Shangazi zake wawili."

"Basi huna utetezi. Lipa jogoo!"

"Mzee, acha utani," Ticha akaingilia. "Huyo bado mtoto. Mtu mzima gani hana meno ya mbele?"

Kanuni, ambaye naye hana, akafumba mdomo kidogo, kisha hasira zikamshinda.

"Sisi tulienda ndevu zinachungulia! Miezi mitatu porini! Nyie mnawapeleka kamasi hazijakauka, wiki tatu tu, eti shule inafunguliwa. Halafu wakijifanya wanaume mnashangaa!"

"Na ulimpeleka mwenyewe, Baba Sultani," akasema Flora. "Ukakodi na spika. Ukacheza mpaka kiatu kikapotea."

"Jogoo sikatai, dada." Yunusi alisema hivyo huku anatazama chini. "Jana kaanguka, goti limechubuka. Zamani angelia mpaka nije nimpulizie. Jana kaosha mwenyewe, kimya, eti mwanaume halii. Nimesimama mlangoni kama mgeni. Jamani, mimi nilitaka sherehe tu. Mtoto wangu nilikuwa bado namtaka."

Ticha alikohoa, Flora akammiminia Yunusi kahawa bila kuombwa.

Mara Sultani mwenyewe huyo, kofia mpya imemfunika masikio, kavushwa barabara na mama muuza mihogo aliyepita zake.

"Shikamooni."

"Marahaba, Sultani!" kijiwe kikaitikia kwa heshima zote.

"Baba, mama anasema jogoo ameiva. Uje kula."

"Ameshachinjwa?"

"Shangazi walisema kesi imekwisha."

Kicheko kikarudi upya. Yunusi akainuka, akatangulia, na mwanawe akamfuata nyuma kwa hatua ndefu za kiume. Walipofika ukingoni mwa lami, lori la magunia likapita likinguruma. Sultani akarudi nyuma, akageuka kuwachungulia wazee, kisha akasogea mpaka kwenye nguo ya baba yake.

"Baba, nishike mkono. Ila wasione."

Kanuni hana meno, lakini masikio anayo.

"Geukeni!" akafoka kwa kunong'ona. "Geukeni wote, haraka!"

Na kijiwe kizima, Ticha na kikombe chake mkononi, kikageukia ukutani.