Naomba Kitufe cha Mtu Mmoja

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kuchagua Walengwa wa Matangazo ya Mtandaoni,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu.

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: tangazo la baba halijawahi kutoka. Baba ni fundi wa makochi. Wiki mbili zilizopita alinikabidhi simu yake, akasema mimi ndiye niliyesoma kwa lugha mbili, kwa hiyo nichague nani alione tangazo. Ni kweli nimesoma kwa lugha mbili, na kwa zote mbili huwa nanyamaza. Basi nikachagua mtu mmoja. Mtandao wenu ukamkataa. Baba nikamwambia mambo ni shwari.

Mtu huyo darasani tunamwita Mlingoti, kwa urefu wake. Anakaa dawati la nyuma yangu. Kwenye picha ya tangazo kuna kochi la kijani, na juu ya kochi, kwa bahati tu, nimekaa mimi, nimesuka nywele upya.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mduara wenu mdogo kabisa kwenye ramani ni wa kilomita moja. Mlingoti hakai kilomita nzima. Anakaa chumba cha uani chenye dirisha la wavu.

2. Orodha yenu ya mambo anayopenda mtu ina soka, upishi, hata boti za kifahari. Haina "anayeazima rula na kuirudisha imefutwa vumbi". Nimeipekua mpaka kidole kikafa ganzi, nikaishia kuchagua boti.

3. Mnasema walengwa wangu ni wachache mno, nipanue. Nilijaribu kupanua umri, kutoka miaka kumi na saba hadi kumi na saba na nusu. Mfumo wenu haujui nusu.

4. Mmenipendekezea "watu wanaofanana naye". Ndugu Mkuu, nimewatafuta mwenyewe, mstarini, kila asubuhi, kwa miaka miwili. Hawapo.

5. Sehemu ya kuwaondoa wasiohitajika inaondoa watu kwa umri na mji tu. Mimi namtaka aondolewe binti mmoja anayecheka hata Mlingoti akipiga chafya. Aondolewe kwenye tangazo na, kama uwezo wenu unafika, kwenye darasa letu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kitufe kipya kiitwacho Mtu Mmoja. Kikibonyezwa, tangazo limfikie akiwa peke yake, ameshiba, hajagombana na mtu, na mama yake yuko mbali. Akilitazama zaidi ya sekunde tatu, nijulishwe. Akilipita, nisijulishwe maisha yangu yote.

Naomba mfanye haraka, kwa sababu karakana imepoa. Baba anafagia sakafu aliyokwisha kuifagia, anapanga misumari kwa urefu. Jana aliniuliza taratibu, "Mwanangu, watu wa siku hizi wanakaa chini?" Nilikwenda kulia stoo, katikati ya magunia ya sponji.

Sasa hivi nasikia kandambili zake kwenye korido. Siku zote nikisikia hatua naisukumia barua hii chini ya mto. Leo naiacha hapa mezani, wazi, na kalamu juu yake.

Nisalimie wote kitengoni: wachora miduara, watunga orodha, na yule anayeandika "tafadhali panua" bila kuchoka.

Ni mimi, mwenye mlengwa mmoja,
Binti wa Fundi Makochi

Nyongeza: Baba ameisoma yote. Alisimama, akakaa, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Haya, sasa fungulia mji mzima." Nikafungulia. Hiyo ilikuwa juzi. Leo vimeletwa viti sita, na kimoja kimekuja kichwani kwa Mlingoti. Ametumwa na bibi yake, aliyeliona tangazo. Yeye hakuliona. Hana simu na hajawahi kuwa nayo. Malalamiko yote nayafuta, msitengeneze kitu.

Kiti chenyewe kimelegea msumari mmoja, kazi ya dakika kumi. Baba amekizunguka mara tatu, amekunja uso, akamwambia hiki ni cha wiki nzima, awe anapita kila siku akitoka shule kuulizia. "Ila mimi nitakuwa na kazi nyingi," akasema. "Muulize huyu. Ndiye msemaji wa karakana."