Mkanda wa Pambano Langu na Kimya

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kuhifadhi Filamu

Ndugu Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa vumbi la makabati. Mimi ni kinyozi wa miaka sitini na mmoja, zamani bondia wa uzito mwepesi. Baada ya salamu, nimekuja kukushtaki kwako mwenyewe.

Miaka thelathini na mitatu iliyopita nilipigana na mpakia mizigo mmoja tuliyemwita Kimya, katika ukumbi wa wafanyakazi, watu wamejaa mpaka madirishani. Mpiga picha wenu alikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu, kabla hayajavimba. Mwaka jana nilipouliza habari za mkanda ule, karani wako alinijibu kwa adabu kwamba ulifutwa, na juu yake likarekodiwa somo la ufugaji wa nyuki. Sina ugomvi na nyuki. Ugomvi wangu ni na ofisi yako, kwa sababu zifuatazo:

1. Wapenzi wa ngumi mtaani kwetu wanalililia pambano lile hadi leo. Hukaa kwenye benchi la saluni yangu wakitaja mapambano ya zamani ambayo wangetoa chochote wayaone tena, na langu ndilo la kwanza kwenye orodha. Ni kweli kwamba orodha hiyo niliianzisha mimi.

2. Mkanda ulipokosekana, msimulizi nikabaki mimi. Waliokuwepo ukumbini walihama, wengine wamezeeka, na mke wangu aliamua kunistahi. Ndugu Mkuu, wapi umesikia mtuhumiwa akaachiwa ushahidi autunze mwenyewe? Mwaka wa kwanza nilisema tulitoka sare. Ningeishia hapo, nani angenilaumu? Lakini mteja mwenye wembe shingoni habishi. Mwaka wa tatu nikashinda kwa pointi. Kufikia mwaka wa kumi nilikuwa nimemlaza Kimya raundi ya saba, na mwamuzi akatokwa na machozi. Laiti mngeutunza mkanda, uongo wangu ungekufa ungali mchanga. Kwa hiyo mwongo wa kwanza ni ofisi yako, mimi nilifuata tu.

3. Uongo huo niliuandikisha kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha saluni: KINYOZI ALIYEMLAZA KIMYA. Wateja wakaongezeka, na kichwa kikanivimba kuliko siku ya pambano.

4. Hapa sasa ndipo mliponimaliza. Mwanangu ameoa. Kaniletea nyumbani binti mpole, mwenye heshima zake, mpiga chapa wa ofisi fulani. Siku ya kutambulishana nikauliza ukoo, kama mzazi yeyote. Lahaula! Binti wa Kimya! Baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hana kumbukumbu ya marehemu ila picha ya kitambulisho cha kazi, nayo muhuri umeifunika nusu ya taya. Mimi ananiita baba, neno ambalo hakuwahi kumwita baba yake mwenyewe. Kila mchana ananiletea chakula saluni, anapita chini ya kile kibao, na hajawahi kusema lolote.

5. Sasa ni mjamzito. Juzi wametangaza mezani kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa jina langu, maana katika babu zake wawili mimi ndiye niliyeshinda. Mke wangu, ambaye siku ile alikaa kiti cha tatu kutoka ulingoni, alinitazama mpaka nikakosa pa kuweka kijiko.

Ukweli ni huu, na nauandika mara moja tu. Raundi ya kwanza, dakika ya pili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulitua kwenye taya langu. Nilipozinduka niliulizwa jina langu, nikataja la mwamuzi.

Kumwambia binti wa watu siwezi. Nimejaribu mara nne, na mara zote nimeishia kumwomba chumvi. Kwa hiyo, kwa kuwa ofisi yako ndiyo iliyoiacha aibu yangu ikue, naomba itafute nakala nyingine popote ilipo. Ikikosekana, iniandikie barua rasmi ya kuthibitisha kwamba nilipigwa, tena nilipigwa vizuri, na muhuri usifunike jina la Kimya. Ikiwezekana, aje afisa aisome nyumbani kwangu siku ambayo mimi nimetoka.

Nisalimie karani wako, mpiga picha kama bado yu hai, na wafugaji wote wa nyuki.

Wako mwenye taya lililopona,
Kinyozi

Nyongeza, kwa mkono wangu:

Ndugu Mkuu, samahani. Barua hii niliiandika kwa kalamu, nikampa mwanangu aipeleke kwa mpiga chapa wa sokoni. Mvivu yule akaona ya nini kutembea, akampa mkewe. Kaipiga chapa yote, bila kosa hata moja, kaniletea pamoja na chai.

Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza. Aliniomba tu nisimame nimwoneshe baba yake alivyosimama siku ile. Nikamwonesha: bega la kushoto chini, kidevu ndani, mdomo umefumbwa. Naye akasimama hivyo hivyo, na wallahi alikuwa Kimya mtupu, nikaogopa upya. Tulipofika kwenye lile konde nikajiangusha kwenye sakafu ya jikoni. Akanihesabia mpaka kumi, polepole, anacheka na machozi yanamtoka, kisha akaniambia niinuke tuanze tena.

Kwa hiyo mkanda msiutafute. Kibao nimekishusha, na mtoto ataitwa jina la babu yake aliyeshinda. Mke wangu naye amesogeza kiti jikoni anatazama, na mpaka naandika haya nimeshaanguka mara sita.