Yah: Miezi Kumi na Mmoja Kuitwa "Marekebisho Madogo"

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kisahihishi cha Tahajia,
Ghorofa ya pili, mlango usio na kitasa.

Bwana Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa wima, na una kalamu mkononi. Nilipokufundisha sarufi darasa la sita, mambo hayo matatu hukuwahi kuyakutanisha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu karatasi haifutiki mtu akiwa chumba cha pili.

Utakumbuka kwamba mliniajiri mimi, mwalimu mstaafu, nikague kanuni za lugha katika programu yenu, ili mtu akiandika vibaya kompyuta imkosoe. Mlinieleza kuwa kila anayeigusa programu huacha kumbukumbu: nani amebadilisha, lini, nini, na kwa sababu gani. Kumbukumbu hizo zikipangwa tangu ya kwanza hadi ya mwisho mnaziita historia, nayo ni ya wote. Nilipendezwa. Nilidhani nimefika kwa watu makini.

Jumatatu, saa nne asubuhi, ulitutumia sote ujumbe: "Jamani, Ufagio amesafisha historia. Kila mtu achukue nakala mpya. Poa?" Ufagio ni yule binti fundi wa programu akaaye karibu na dirisha; jina hilo mlimpa ninyi. Niliifungua historia. Kumbukumbu mia nne na kumi na mbili nilizoziandika kwa miezi kumi na mmoja zilikuwa zimekunjwa zikawa moja, yenye maneno mawili: "Marekebisho madogo." Mwandishi: Ufagio. Jina langu halimo. Na Ijumaa hii kamati itakutana kuamua nani aongezewe mkataba, "kwa kuangalia historia," kama ulivyosema kwa kinywa chako. Bwana Mkuu, ikiangaliwa historia, mimi sijawahi kufika kazini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. "Jamani" si mwanzo wa tangazo la ofisi. "Poa" si mwisho wake.

2. Niliandika "Nimesahihisha" mara mia nne na kumi na mbili. Nilikufundisha kwamba -me- ni ya tendo lililokwisha ambalo matokeo yake bado yapo. Ufagio alipofagia, matokeo yaliondoka machoni, na -me- yangu ikawa -li-. Jina langu lilipoondoka, hata -li- ikatoweka, nikabaki na "sikusahihisha." Sijawahi kuona kitenzi kikishushwa cheo mara mbili kabla ya chai ya saa nne kupoa.

3. Mnasema historia ilijaa takataka. Nakubali, ila takataka zilikuwa zenu. Nilizisoma zote. Fundi wa kurasa za simu aliandika, "Tayari." Baada ya dakika sita, "Tayari sasa." Kisha, "Tayari kweli." Kisha, "Mungu wangu." Hiyo si kumbukumbu ya kazi; huyo ni mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Zangu zilikuwa na kiima, kiarifu na nukta. Sielewi ni kwa kosa gani nilitiwa kapu moja na "Mungu wangu."

4. Kitu cha wote hakisafishwi na mmoja. Mfasiri wetu alikuwa na nakala ya zamani, na juu yake kazi ya juma zima. Alipotaka kuirudisha, kompyuta ilimwambia kwamba kazi hiyo haina pa kujishikiza, kwa kuwa mahali alipoanzia hapamo tena katika historia. Alinigeukia akauliza, "Mwalimu, kwani Jumatano iliyopita haikuwepo?" Nimefundisha miaka thelathini na minne, na ilinibidi nimfungulie kalenda.

5. Kama usafi huu ni mwema, basi na utumike kila mahali. Mama yako mzazi, ambaye namheshimu sana, alizaa watoto saba, nawe u wa tano. Kwa utaratibu wenu, rejista ya vizazi ingeandikwa mara moja tu: "Nyongeza ya watoto," jina la mkubwa, basi. Kiti unachokalia angekalia kaka yako, na mkeo angekuwa shemeji yako. Aidha, darasa la sita ulilirudia. Karatasi niliitia saini mwenyewe. Je, ungependa mwaka huo ukunjwe? Bila shaka ungependa. Ndiyo maana wakubwa wakishika ufagio, mimi hushika kofia yangu isifagiwe nayo.

6. Mke wangu, nilipomweleza haya, aliuliza, "Kwa hiyo miezi yote hiyo ulikuwa unakwenda wapi, mzee?" Alikuwa akicheka. Kisha hakucheka tena, akaliuliza swali hilo upya.

Kwa hiyo naomba historia irudishwe nzima, pamoja na makosa yote ya kila mtu, bila kumwonea mtu haya. Isomwe kwa sauti mbele ya kamati, kuanzia kumbukumbu ya kwanza, na msomaji awe Ufagio, akiwa amesimama. Nimekadiria, ni kazi ya saa tisa mfululizo. Anayeogopa kusomewa alichokiandika hakupaswa kukiandika.

Nifikishie salamu kwa mama yako na ndugu zako sita, kila mmoja kwa jina lake, na kwa mfasiri, ambaye namtakia juma jipya lenye Jumatano.

Wako katika nukta na mkato,

Mwalimu,
Mkaguzi wa Lugha (kama bado yupo).

Baada ya kutia saini: Nilimpa Ufagio barua hii aisome kwanza, maana si uungwana kumshtaki mtu asiyejua. Aliisoma hadi nukta ya mwisho. Alifungua nakala ya historia ya zamani aliyokuwa ameihifadhi, akanipisha kiti. Wiki mbili zilizopita, jina langu: "Nimesahihisha orodha ya viumbe hai." Katika orodha hiyo, baada ya kijakazi na kijana, nimeweka kijiko. Kwa siku kumi na mbili kila aliyeandika "kijiko kimepotea" programu yetu ilimkosoa, ikamtaka aandike "kijiko amepotea." Kisha Jumatatu, saa tatu na nusu, kumbukumbu ya Ufagio: "Nimeondoa kijiko kwenye viumbe hai. Mwalimu asiumbuke Ijumaa."

Nilimuuliza kwa nini hakuificha hiyo moja tu. Akasema, "Mwalimu, ikikosekana moja watakuuliza wewe. Zikikosekana zote watanilaumu mimi."

Barua hii siichani, kwa kuwa nimekwisha kutetea kwamba kilichoandikwa kisifutwe; naomba tu uanze kuisoma hapa. Historia ibaki ilivyo. "Marekebisho madogo" ina upatanisho sahihi wa kisarufi. Kuhusu mkataba, Ufagio ameiandikia kamati ukurasa mzima juu ya kazi yangu. Nimeusoma. Una makosa manne, nami sikuligusa hata moja.