Upepo Rasmi

Serikali inapenda kuwatangazia wananchi wote kwamba mitambo ya upepo ya kilimani haina mngurumo wala mtikisiko. Hili limethibitishwa kisayansi na Idara ya Kuigiza Mngurumo, ambayo mimi ndiye mwendesha mitambo wake mkuu, na wa pekee.

Kazi yetu ni nyepesi. Mtu akilalamika kwamba nyumba yake inatikisika, naingiza kipimo cha upepo kwenye kompyuta. Kompyuta inakadiria mngurumo, na spika kubwa nne zilizo chini ya sakafu zinautoa. Mlalamikaji anakaa kitini na kusikilizia. Miaka mitatu sasa, hakuna aliyesikia kitu. Tumefunga majalada yote.

Jumanne alikuja mama mmoja, fundi cherehani, anayeishi chini kabisa ya mtambo mmojawapo. Sindano zinavunjika, mishono inapinda kama nyoka, wateja wamemkimbia. Alitaka ahamishwe. Mkurugenzi alishaandaa hati ya kumkatalia, imebaki sahihi tu.

Nikawasha. Kimya.

"Umeona, mama?" Mkurugenzi akasema. "Ni wasiwasi wako tu."

Mama akanigeukia. "Huo upepo mmeupimia wapi, kaka?"

"Mahali rasmi. Ofisini kwa Mkurugenzi."

"Madirisha wazi?"

"Tukifungua, karatasi zinapeperuka."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa mkobani karatasi ya vipimo aliyopewa na mlinzi wa mtambo. "Hebu jaribu na upepo wangu."

"Weka tumalizane," Mkurugenzi akasema. "Natia sahihi hukuhuku unanguruma, aone."

Nikaweka. Kusikia, kwa kweli, hatukusikia kitu; mngurumo ulikuwa mzito kuliko masikio. Ila vikombe vya chai vilianza safari. Kabati likajifungua, likatapika majalada. Tumbo la Mkurugenzi, ambalo ni la kiwango cha kitaifa, likacheza lenyewe bila ngoma.

Akashika kalamu. Sahihi ikapanda, ikashuka, ikatoka nje ya hati, ikaishia kwenye mkono wa shati. Hati ya pili ikachanika. Ya tatu ikatoboka.

"Zima kwanza!" akanifokea, meno yakigongana.

"Sababu, bosi? Lazima niiandike."

"Chumba kinatikisika, mpumbavu wewe!"

"Si wasiwasi tu, baba?" mama akauliza, amejishikilia kwenye kiti kwa mikono miwili.

Nilizima, kisha nikaandika neno kwa neno, isipokuwa lile tusi. Mezani ilikuwa imebaki karatasi moja nzima, yangu: *Mkurugenzi amethibitisha: chumba kinatikisika. Mama ahamishwe.* Akaivuta, akatia sahihi safi kabisa, bila kusoma, kama afanyavyo siku zote.

Mama anahama Ijumaa. Mkurugenzi ameunda kamati ya kumsaka mhaini aliyethibitisha mtikisiko. Kamati, lazima niisifu, imempata siku hiyohiyo, kwa sahihi yake safi kabisa. Barua ya kumfukuza kazi iko tayari mezani kwake, katikati ya nyingine ishirini, inasubiri sahihi yake.